Maombi ya bei yakiingia kwa wingi: kundi la WhatsApp, kisanduku cha pamoja, lahajedwali, mfumo wa tiketi au CRM (mfumo wa kusimamia wateja)?

Ombi la bei ya viti 40 vya ofisi limeingia Jumatatu asubuhi, na watu watatu wa mauzo wameliona. Kila mmoja amedhani mwenzake atalijibu: mmoja anamfahamu mteja, mwingine ndiye anayeshughulika na samani, wa tatu ndiye aliyekuwa zamu. Jumatano mteja anapiga simu kuuliza. Anayepokea ni mtu wa nne, hana habari yoyote, na kwa kuogopa kumpoteza mteja anamtajia bei ya kichwani. Alhamisi mmoja wa wale watatu anatuma nukuu rasmi yenye bei tofauti.

Hilo si jambo la aibu tu. Nukuu yenye bidhaa, idadi, bei na muda wa kukubalika inaweza, kwa sheria za nchi nyingi, kuhesabika kuwa ofa. Mteja akiikubali mmeshafungana, na bila shaka ataikubali ile ya chini.

Timu zikifika hapo huanza kutafuta programu. Makala haya yanalinganisha njia tano zinazotumika zaidi, kwa vigezo vilevile, kwa ajili ya mtu aliyekwama katikati. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: njia yoyote inafaa kadiri inavyojibu swali hili bila kumsumbua mtu kwa simu, yaani ombi hili ni la nani sasa hivi, na hatua inayofuata ni lini? Ikishindwa hapo, mapambo mengine yote hayasaidii.

## Vigezo vya kulinganisha

Mwenye ombi. Je, kila ombi lina jina la mtu mmoja wa timu anayelishughulikia, na wengine wanaliona jina hilo? Jina la idara halihesabiki.

Hatua. Je, unajua ombi limefika wapi? Kwa kazi ya nukuu, hatua zinazotosha timu nyingi ni hizi: jipya, limechukuliwa, linasubiri taarifa za mteja, linasubiri bei ya msambazaji, nukuu imetumwa, limekubaliwa, limepotea. Hizo mbili za kusubiri zisiunganishwe. Ombi lililokwama kwa mteja na lililokwama kwa msambazaji wako yanahitaji simu tofauti.

Kumbukumbu. Miezi sita baadaye, unaweza kujua mteja huyu alipewa bei gani, toleo la ngapi, na kwa nini hakununua?

Milango. Maombi huja kwa barua pepe, simu, WhatsApp, fomu ya tovuti, na mengine kwa mtu kusimamishwa njiani. Njia unayochagua inayapokea yote, au inapokea mlango mmoja na kuyaacha mengine nje?

Gharama na jasho. Ada ni sehemu ndogo ya hesabu. Sehemu kubwa ni dakika ambazo kila muuzaji atatumia kwa kila ombi, kila siku, hata siku aliyochoka.

Kasi ya kujibu sikuiweka kama kigezo cha pekee, ingawa ina uzito. Utafiti uliochapishwa na Harvard Business Review mwaka 2011 ulizipima kampuni 2,241 za Marekani kwa maombi yaliyoletwa kupitia intaneti: asilimia 37 zilijibu ndani ya saa moja, na asilimia 23 hazikujibu kabisa. Sehemu nyingine ya utafiti huo ilionyesha kwamba kampuni zilizomtafuta mteja ndani ya saa moja zilikuwa na uwezekano wa karibu mara saba wa kufikia mazungumzo ya maana na mwenye uamuzi, kuliko zilizochelewa saa moja tu zaidi. Sababu ya kuiacha nje ni kwamba kasi ni matokeo. Ombi lenye mwenyewe hujibiwa haraka. Lisilo na mwenyewe hukaa, hata ukiwa na programu ya bei ghali kiasi gani.

## 1. Kundi la WhatsApp

Wauzaji wa programu hulidharau, lakini kundi ndilo linaloendesha timu nyingi ndogo, tena si kwa ubaya. Ombi likisambazwa humo kila mtu analiona papo hapo, hata aliye barabarani. Hakuna mafunzo wala akaunti mpya.

Mwenye ombi. Anayeandika "nalichukua" ndiye mwenyewe. Timu nyingine hutumia alama za mwitikio: kidole gumba maana yake nimelichukua, tiki maana yake nukuu imetumwa. Ni utaratibu mzuri kuliko kimya, ila alama haimkumbushi mtu kitu. Ombi lisilo na alama halipigi kelele. Linazikwa chini ya ujumbe mwingine 60, salamu na picha za mizigo zikiwemo.

Hatua. Kwa kweli hakuna. Programu ya WhatsApp Business ina lebo unazoweza kubandika kwenye mazungumzo ya wateja, kama vile "nukuu imetumwa" au "anasubiri", na akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu kuu. Kwa watu wawili au watatu wanaoshika namba moja, lebo hizo zinasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Lakini ziko kwenye mazungumzo ya mteja, si ndani ya kundi lenu, kwa hiyo amueni mapema mtaangalia wapi.

Kumbukumbu. Hapa ndipo kundi linapoanguka. Utatafuta kwa maneno ukitumaini mtu aliandika "viti" na si "chairs". Na kama mteja aliwasiliana kwa namba binafsi ya muuzaji, siku muuzaji huyo akiacha kazi, historia yote inaondoka naye. Hata usipobadilisha chochote kingine baada ya kusoma haya, hakikisha namba inayopokea wateja ni ya kampuni.

Milango. Nzuri kwa WhatsApp na simu, mbovu kwa barua pepe yenye kiambatisho cha kurasa nane.

Gharama na jasho. Fedha hakuna. Unalipa kwa usumbufu wa simu inayolia hadi usiku.

Inawafaa watu wawili hadi wanne, wenye orodha ya bei isiyobadilika sana, ambao nukuu zao hutoka siku hiyohiyo. Ombi linalochukua wiki mbili kukamilika halina kwao humo.

## 2. Kisanduku cha pamoja cha barua pepe

Hii ni anwani moja, tuseme inayoanza na "bei" au "mauzo", inayofunguliwa na timu nzima. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kampuni nyingi tayari zinakilipia bila kukitumia ipasavyo.

Mwenye ombi. Inategemea kisanduku kimejengwaje. Kuna ile ya kugawana nywila moja, ambayo siipendekezi kwa yeyote: hujui nani alijibu nini, na kila mtu akiondoka lazima mbadilishe nywila. Microsoft 365 ina kisanduku cha pamoja ambacho kila mtu hukiingia kwa akaunti yake, na chenyewe hakihitaji leseni ya ziada mradi kisizidi GB 50. Humo timu nyingi huweka rangi moja kwa kila muuzaji. Kwa upande wa Google, kundi la Google Groups linaweza kuwashwa kama kikasha cha ushirikiano, ambapo ujumbe unakabidhiwa kwa mtu kwa jina, kisha unawekewa alama kuwa umekamilika au ni nakala ya mwingine. Hiyo alama ya nakala ni dawa ya yule mteja anayeandika mara tatu kwa anwani tatu.

Mitego ni miwili. Wa kwanza: mtu mmoja akifungua ujumbe, kwa wote unaonekana umesomwa. Wanaotegemea herufi nzito kujua kipi ni kipya hupitwa. Wekeni kanuni kwamba "kusomwa" si hatua. Hatua ni rangi au folda tu. Wa pili ni mbaya zaidi. Katika kisanduku cha pamoja cha Microsoft, kwa mipangilio ya kawaida, jibu lililotumwa kwa jina la kisanduku hubaki kwenye folda ya barua zilizotumwa ya mtumaji mwenyewe. Wenzake wanaona swali la mteja bila jibu, na wa pili anajibu tena. Msimamizi wa mfumo anaweza kuwasha nakala zibaki kwenye kisanduku. Ni kazi ya dakika chache inayozuia ugomvi wa mwaka mzima.

Hatua. Folda zinatosha: Mapya, Yanafanyiwa kazi, Nukuu zilizotumwa, Yaliyofungwa. Kinachokosekana ni kengele. Nukuu iliyotumwa tarehe 3 itakaa kimya kwenye folda yake tarehe 10, na hakuna atakayekumbushwa kumpigia mteja.

Kumbukumbu. Kwa maneno, bora sana: kila neno la mteja na kila kiambatisho kipo, na tarehe yake. Kwa takwimu, sifuri. Ukiulizwa mmetoa nukuu ngapi mwezi uliopita na ngapi zilikubaliwa, utahesabu kwa kidole.

Milango. Barua pepe na fomu ya tovuti huingia zenyewe. Simu na WhatsApp haziingii, isipokuwa aliyepokea aandike barua pepe fupi kwenda kwenye kisanduku chenu wenyewe. Inasikika kama kichekesho lakini inafanya kazi.

Gharama na jasho. Ndogo kote kuwili.

Inawafaa timu ambayo wateja wake ni kampuni, wanaandika kwa barua pepe, wanatuma michoro na orodha ndefu, na maombi hayazidi yale ambayo mtu anaweza kuyapitia kwa macho kila asubuhi.

## 3. Lahajedwali

Excel au Google Sheets, mstari mmoja kwa kila ombi. Watu huiona kama njia ya kuvukia tu kabla ya kununua "mfumo wenyewe". Sikubaliani. Lahajedwali linalotunzwa linazishinda CRM nyingi zisizojazwa.

Mwenye ombi. Safu yenye jina, iliyofungwa kwa orodha ya kuchagua ili pasiwe na "Juma", "juma" na "J.".

Hatua. Orodha ya kuchagua tena. Lakini safu inayobeba lahajedwali lote ni nyingine: tarehe ya hatua inayofuata. Kila ombi lililo wazi lazima liwe na tarehe hiyo, na kila asubuhi mnapanga mistari kwa safu hiyo. Ya leo yanapanda juu, yaliyopitwa yanaonekana kwa aibu. Safu nyingine zinazotosha ni namba ya ombi, tarehe na saa ya kuingia, mteja, anachotaka, mlango alioingilia, thamani inayokadiriwa, matokeo, na sababu ya kupotea. Zikizidi kumi na mbili, watu huanza kuruka.

Kumbukumbu. Kinyume kabisa cha kisanduku: takwimu ziko wazi, maneno hayapo. Unaweza kujua ndani ya dakika moja ni nani ana maombi mengi na ni sababu gani inawapoteza wateja, lakini barua ya mteja iko mahali pengine. Namba ya ombi ndiyo daraja. Iwekwe kwenye kichwa cha barua pepe na kwenye jina la faili ya nukuu, na toleo likibadilika liongezewe tarakimu: 0147-1, 0147-2. Bila hivyo utakuta faili nne zinazoitwa "nukuu mpya ya mwisho".

Kuna hatari moja ya kiufundi inayostahili kuogopwa. Mtu akichagua safu moja peke yake na kuipanga kwa alfabeti, majina yanahama na bei zinabaki, na huenda isigundulike kwa siku kadhaa. Google Sheets hutunza historia ya matoleo, kwa hiyo unaweza kurudi nyuma, na unaweza kufunga sehemu zisihaririwe. Kuhusu ukubwa usihangaike: lahajedwali la Google hubeba hadi seli milioni 10. Kinachoua lahajedwali ni watu kujaza Ijumaa jioni mambo ya Jumatatu.

Milango. Yote sawa, kwa kuwa anayeandika ni mtu. Fomu ya Google Forms iliyounganishwa na lahajedwali hurahisisha: muuzaji aliyepokea simu anajaza sehemu tano kwenye simu yake, na saa ya kuingia inajiandika yenyewe.

Gharama na jasho. Ada karibu hakuna. Jasho lipo: dakika kadhaa kwa kila ombi, na lazima awepo mlezi mmoja anayelipitia kila siku. Asiye na mlezi asianze.

Inawafaa timu ya watu watatu hadi wanane, yenye mtu mmoja mwenye nidhamu ya kuandika, hasa kama mkuu wa mauzo anataka takwimu lakini bado hajui kwa hakika mchakato wenu utakaaje.

Wanaochoshwa na mistari wanaweza kutumia ubao wa kadi kama Trello, ambapo kila ombi ni kadi inayosogezwa kutoka safu hadi safu. Sifa na udhaifu ni vilevile kwa sehemu kubwa. Macho hupumzika zaidi, hesabu huwa ngumu zaidi.

## 4. Mfumo wa tiketi

Zendesk na Freshdesk ndizo zinazojulikana. OsTicket na Zammad ni za msimbo huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuutumia. Zilibuniwa kwa huduma kwa wateja, si mauzo, na tofauti hiyo ndiyo ya kuzingatia.

Mwenye ombi. Hapa zina nguvu mno. Kila ujumbe unapata namba, unakabidhiwa kwa mtu mmoja, na Zendesk na Freshdesk huonya pale watu wawili wanapofungua tiketi moja kwa wakati mmoja. Kisa cha viti 40 na bei mbili kingekuwa kigumu kutokea.

Hatua. Kuna saa inayohesabu muda wa kujibu na inayoweza kusimama mteja anaposubiriwa. Tatizo ni fikra iliyo chini yake: tiketi hufungwa jibu likitumwa na mteja akiridhika. Nukuu ya bei haiko hivyo. Kutuma nukuu ni nusu ya safari. Kinachofuata ni kufuatilia, kujadiliana, kutoa toleo la pili, kusubiri idhini ya bosi wa mteja. Timu inayopimwa kwa tiketi zilizofungwa itafunga tiketi vizuri sana na kuuza kidogo. Inaweza kurekebishwa, kwa kuongeza hatua ya "nukuu imetumwa, fuatilia tarehe fulani" na kukataza kufunga kabla ya ndiyo au hapana ya mteja, ila lazima uirekebishe kwa makusudi.

Kumbukumbu. Mazungumzo yote yapo, na takwimu za muda zipo. Thamani ya fedha na matoleo ya nukuu havina mahali pake pa asili.

Milango. Barua pepe, fomu, mara nyingi na mitandao ya kijamii. Hii ni njia inayokusanya milango vizuri kuliko zote zilizotangulia.

Gharama na jasho. Ada kwa kila mtumiaji, au seva na fundi kama ni msimbo huria.

Inawafaa wenye mafuriko ya maombi madogo yanayojibika haraka, mfano vipuri au uchapishaji, na hasa pale ambapo watu walewale hujibu maombi ya bei na malalamiko.

## 5. CRM

Mfumo wa kusimamia wateja: HubSpot, Zoho, Pipedrive, Salesforce, au Odoo na SuiteCRM kwa upande wa msimbo huria. HubSpot ina kiwango cha bure, na Odoo ina toleo huria lenye moduli ya CRM ndani yake.

Mwenye ombi. Kila ombi lina mmiliki, na mfumo unaweza kuligawa lenyewe kwa zamu au kwa eneo, ingawa ugawaji wa moja kwa moja mara nyingi uko kwenye viwango vya kulipia.

Hatua. Zipo, zinabadilishwa mtakavyo, na kila moja inaweza kuzaa kazi yenye tarehe. Ile kengele iliyokosekana kwenye kisanduku iko hapa.

Kumbukumbu. Bora kuliko zote, mradi ijazwe. Ukifungua jina la mteja unaona maombi yake yote, nani alizungumza naye, na alikataa kwa sababu gani. Katika Odoo nukuu inatengenezwa kutoka kwenye ombi lenyewe, na mteja akikubali inageuka kuwa oda bila mtu kuandika upya. Si CRM zote ziko hivyo. Nyingine huweka nukuu kwenye moduli ya kulipia. Ulizia hilo kabla ya kitu kingine chochote, maana kuna timu zimenunua CRM na bado zinaandika nukuu kwenye Word.

Milango. Barua pepe na fomu huingia vizuri. Simu huandikwa kwa mkono. WhatsApp mara nyingi huhitaji muunganisho wa kulipia, na kwa timu ambayo nusu ya wateja wake wako huko, hili ni swali la pili la kuuliza.

Gharama na jasho. Ada ya kila mtumiaji kwa mwezi ni rahisi kuihesabu. Vigumu kuhesabika ni majuma ya kuandaa, kusafisha majina ya wateja yaliyoandikwa kwa namna tatu, na wauzaji wanaouona mfumo kama askari aliyetumwa kuwachunga. Kosa la kawaida ni kulazimisha sehemu 20 zijazwe. Muuzaji mwenye mteja kwenye simu hatajaza 20, ataweka nukta. Anzeni na sita.

Inawafaa timu yenye mauzo ya muda mrefu, wateja wanaorudi, watu wengi wanaoguswa na nukuu moja, na meneja atakayeutumia mfumo mwenyewe kwenye kikao badala ya kuomba ripoti pembeni.

## Kabla ya chombo: nani alichukue?

Mchagua jembe si mkulima, wahenga walisema. Njia yoyote kati ya hizi tano inahitaji kanuni ya kugawa, na kanuni hizo nazo ni za kuchagua.

*Anayewahi achukue* ni ya haraka kuliko zote. Mahali penye kamisheni, hata hivyo, maombi manono hunyakuliwa ndani ya dakika na yale ya vitu viwili vitatu hubaki yatima.

*Zamu* huleta haki kwa idadi, lakini haijui uzito: mmoja anapata ombi la bidhaa 200, mwenzake la bidhaa mbili. Ni nzuri pale maombi yanapofanana.

*Eneo au bidhaa* humpa mteja mtu anayejua anachozungumzia, na hii ndiyo inayofaa kwa bidhaa za kitaalamu. Udhaifu wake huonekana mtaalamu akienda likizo. Kila eneo liwe na mtu wa pili, jina limeandikwa.

*Mgawaji mmoja* anayesoma kila ombi na kulikabidhi ndiye hutoa matokeo sahihi zaidi, kwa sababu anaona mambo ambayo kanuni haioni: huyu mteja anadaiwa, hili ni lilelile la juzi, hili halituhusu. Akichelewa yeye, timu nzima imechelewa. Mpeni muda maalumu, tuseme mara tatu kwa siku, na msaidizi.

Kanuni yoyote mtakayoshika, iwe na hali moja ya kipekee: mteja mwenye ombi lililo wazi hurudi kwa mtu yuleyule, bila kujali aliingilia mlango gani. Na hakuna anayetaja bei kwenye simu kabla ya kutazama kama ombi lipo tayari.

## Kwa hali yako

Mko watatu na bei ziko kwenye orodha: bakini na WhatsApp, kwa namba ya kampuni, lebo, na daftari la namba za nukuu. Kununua kingine sasa ni kujitafutia kazi.

Maombi yanakuja kwa barua pepe na tatizo lenu ni kujibu mara mbili au kutojibu: rekebisheni kisanduku mlicho nacho. Kikasha cha ushirikiano au mipangilio sahihi ya Microsoft inaweza kumaliza tatizo wiki hii.

Mnajibu vizuri lakini hamjui kwa nini mnapoteza: lahajedwali, hata likikaa pembeni ya kisanduku. Safu ya sababu ya kupotea ijazwe kwa orodha ya kuchagua: bei, muda wa kufikisha, hatukuwa na bidhaa, mteja alikuwa anapima soko tu, hakujibu. Baada ya miezi mitatu itakuambia kama mnahitaji mfumo au mnahitaji msambazaji mwingine.

Milango ni mingi, maombi ni madogo, na yanazidi uwezo wa jicho: mfumo wa tiketi, wenye ile hatua ya kufuatilia.

Nukuu moja inapita kwa watu wanne, inabadilika mara tatu na kuchukua mwezi: CRM, na iwe ile ambayo nukuu inaandikwa ndani yake. Kama bidhaa zenu zina michanganyiko mingi ya vipimo na vipuri, tafuteni pia chombo cha kukokotoa bei, kwa sababu CRM ya kawaida itapanga maombi lakini haitazuia mtu kuchanganya vipuri visivyolingana.

Mko kati ya lahajedwali na CRM, na hapa ndipo wengi hukwama: tazameni lahajedwali la mwezi uliopita. Kama limejazwa na bado linawashinda, mko tayari kuhama. Kama lina mashimo, CRM nayo itakuwa na mashimo, ila ya kulipia.

Mkihama, msihamishe kila kitu. Chukueni maombi yaliyo wazi tu, pamoja na wateja walionunua katika mwaka mmoja uliopita. Ya zamani yafungwe kama faili ya kusomwa bila kuhaririwa. Wekeni siku moja ya kukata, ambayo kuanzia hapo ombi lisilo kwenye njia mpya halipewi nukuu. Na namba za maombi ziendelee pale zilipoishia, msirudi kwenye 0001, kwa kuwa wateja bado wana nukuu za zamani mkononi na watazitaja kwa namba hizo.